Bwana Yangu Kwenye Ubao wa Komini

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, la Kifaransa, limepigwa kwa mashine kwenye mstari wa nne wa tangazo: célibataire. Kijana asiye na mke. Na juu ya neno hilo lilikuwepo jina la bwana yangu, jina la baba yake, jina la mama yake, siku aliyozaliwa, kazi yake ya kuchimba dhahabu, yote sawasawa, hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Chini yake jina la msichana nisiyemjua, naye célibataire. Komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa inawatangazia watu wote kwamba hawa wawili wanataka kuoana, na mwenye kujua kizuizi aje aseme ndani ya siku kumi na tano.

Nilikuwa nimemshika binti yetu mkono. Mtoto wa miaka mitatu, mwenye paji la uso kama la baba yake, anauliza kama kuna choo.

Sikuwa nimekuja kwa hayo. Nilikuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu shule ya maternelle, ile ya chekechea, ilikikataa kile kikaratasi cha santé, cha zahanati. Karani akaniuliza cheti cha ndoa cha wazazi. Nikamwambia hatuna, tulioana kwa mila. Akaguna, akasema nikae ningoje. Benchi ilijaa, basi nikasimama karibu na valvu, ndivyo tunavyouita ule ubao wa matangazo, nikaanza kusoma ili saa zipite. Mimi nilisoma pédagogie, ualimu, mpaka mwaka wa sita wa sekondari. Mtu aliyefundishwa kuandika ubaoni haachi maandishi ukutani bila kuyasoma.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa nimevumilia. Nilivumilia simu isiyoshikwa. Nilivumilia miezi mitano nyumbani kwa mama yangu, nikingoja bwana aje kunichukua, watu wakiniuliza njiani, "Bwana iko?" nami nikijibu iko Nizi, iko kwa machimbo, atakuya. Nilivumilia hata ile Noeli aliyomtumia mtoto viatu vya mguu mmoja na nusu, yaani kimoja kipimo chake na kingine cha mtoto wa miezi sita. Lakini lile neno! Nililisoma mara mbili. Mara ya tatu mkono ulikuwa umekwisha kupanda wenyewe.

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi. Ikapasuka katikati, kona mbili zikabaki ubaoni.

"Mama! Unapasua karatasi ya État, ya serikali!" akapiga kelele mwanamke mmoja wa kwenye benchi.

"Ni ya bwana yangu!"

"Bwana yako ndiye État?"

Benchi nzima ikacheka. Hata mimi, nawaambia ukweli, nilicheka, kicheko cha ajabu kilichotoka na machozi. Karani akatoka mbio na kalamu sikioni: "Weye mama! Utafungwa leo!" Nikamwambia nifungwe, hakuna shida, lakini mbele ya yote niende nimuonyeshe mutu mumoja hii karatasi. Nikamweka mtoto mgongoni, nikasimamisha pikipiki, nikaondoka.

Mimi na bwana yangu tulijuana shuleni. Yeye alikuwa darasa la biochimie, la sayansi, mimi pédagogie, tukitenganishwa na ukuta wa mbao wenye tundu. Mimba iliingia mwaka wa mwisho. Mtihani wa État, ule wa kumaliza sekondari, niliufanya na tumbo limegusa meza, nikafaulu, yeye akaanguka. Hilo hakulisahau, naona sasa. Baba yangu alikasirika wiki tatu, kisha akatuma ujumbe kwa jamaa ya kijana kwamba hawezi kufuga mjukuu asiye na mwenyewe. Wakaja. Walileta mbuzi, majembe, blanketi la kumpa nyanya yangu, na msemaji wao, mzee mmoja mwenye koti, akasimama katikati ya uwanja akasema maneno yake. Watu walikula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini kwamba kitu kilichosemwa mchana, kwa sauti, mbele ya watu wengi kiasi kile, kimekwisha kuandikwa mahali.

Hakikuandikwa. Kila mara nilipomwambia twende komini, alisema kesho. Nilikuwa nikijua sheria yenyewe, tuliisoma darasani: ndoa ya mila inatakiwa kupelekwa kwa ofisa iandikwe. Lakini ukiwa na mtoto mchanga na bwana anayekuita "madame" mbele ya rafiki zake, unaona kesho iko karibu.

Basi pikipiki ikanifikisha kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Aliniona na karatasi mkononi, akaendelea kuchambua.

"Mama, jambo."

"Jambo. Unasalimia batu ao unapigana na bo?"

"Nilikuya kuuliza tu. Bwana yangu iko célibataire tangu siku gani?"

"Bwana yako gani?" Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage. "Weye mwenyewe uliacha ndoa. Mutaa muzima uliona. Ulipita hapa kwa njia na sufuria yako kwa kichwa."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

Kwetu mwanamke anaweza kukimbilia kwao mara kumi. Anaweza kwenda na nguo, na mtoto, hata na godoro, na bado ni mke. Watu watasema tu kwamba amekasirika. Lakini akibeba sufuria yake ya fufu, ugali wetu wa muhogo, ile aliyopewa siku ya kuingia jikoni kwa bwana, amezima moto. Amekwenda. Hata mtoto mdogo analijua hilo, na mimi nililijua. Lakini miezi mitano nyuma, mjomba wangu alipofariki, ni mama mkwe huyuhuyu aliyeniambia nenda kwenu kwa matanga, upumzike kidogo, bwana hayuko. Na nilipofika kwenye kizingiti akaniita nirudi. Akatoka jikoni na sufuria. "Kwenu batu bako mingi. Beba hata hii, isaidie." Akanitwika kwa mikono yake miwili. Mimi nikasema nini? Nikasema, "Aksanti sana, mama." Nilifikiri ananipenda! Nikapita mtaa mzima, mchana, nikisalimia watu, na ndoa yangu kichwani.

"Ni weye ulinitwika!" nikamwambia.

"Nani aliona?"

Bwana yangu akatoka ndani ya nyumba. Nilidhani yuko Nizi, kumbe yuko hapa, ana sabuni kwenye shavu moja na wembe mkononi. Alinenepa. Mtoto akasema "papa" mgongoni mwangu, kwa sauti ya kuuliza, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Mama ya mutoto, tulia," akasema. "Usilete fujo."

"Fujo ni weye uliibandika kwa valvu."

"Sikiya. Kwa État, ndoa ya mbuzi haiko. Kuko ya papier tu, ya karatasi. Siye hatukuandika papier. Basi mi niko célibataire. Hata weye uko célibataire! Nani alikukataza kuolewa?"

"Na huyu?" Nikageuka ili amwone.

"Mutoto nitasaidia. Kuko batoto mingi ya inje, banakula, banasoma, shida gani?"

Mtoto wa nje. Alilisema huku akifuta sabuni. Mtoto wa kike aliyezaliwa na mke, kwenye nyumba ya baba yake, nyanya yake mzaa baba akashika taa, sasa amewekwa nje kwa sentensi moja. Nilielewa pale kwamba wale wakifunga ndoa ya komini, hilo neno halitabaki kinywani mwake tu. Mke mwingine ataandikwa, watoto wa mke mwingine wataandikwa, na wangu atakuwa kitu kilichotokea wakati baba alipokuwa célibataire.

Halafu akaona karatasi vizuri. Akacheka. Ana kicheko kizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Uliipasua? Aksanti! Sasa hakuna mutu atasoma."

Nilirudi kwa mama kwa miguu, sikutaka hata pikipiki. Njia nzima nilikuwa nikijitukana. Tangazo limewekwa ili watu walione na wapinge, na mimi, mtu wa kwanza kulipinga, nimeliondoa ili asilione mwingine! Mtu mwenye diplôme! Nikamweleza mama yangu. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Ulileta karatasi ya komini hapa kwangu? Unataka askari bakuye kula sombe yangu?"

"Mama, nisaidie."

"Ulipasua kwa mukono gani?"

"Ya kuume."

"Huo ndio utabandika nayo." Akaweka maji motoni, akatia unga wa muhogo, akakoroga mpaka ukawa uji mzito unaong'aa. Gundi ya shule, tuliitengeneza hivyo tangu darasa la kwanza. Tukalaza vile vipande viwili kwenye sinia, tukatia chini yake ukurasa wa daftari, tukavisogeza kidogo kidogo mpaka jina lake likakutana. Mtoto akachovya kidole akalamba. Mama alikuwa anatukana ukoo mzima wa watu wale, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa, huku vidole vyake vikipaka gundi taratibu kama anapaka mtoto mafuta. Alipofika kwa mama mkwe alisita, akatafuta tusi, akakosa. Akasema, "Yule, Mungu anamuyua."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni pa komini kabla haijafunguliwa, na karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo, na gundi ndani ya kopo la maziwa.

Karani alinitambua kwa mbali. "Ulirudi."

"Nilirudi kubandika."

Alinitazama, akatazama kopo. Nilifikiri ataita polisi. Akasogeza kiti kilichozuia ubao. "Bandika. Lakini nyoosha, si kama bango ya sinema."

Nikabandika. Watu walisimama nyuma yangu wakitoa maoni: "Kona ya juu imepinda, mama." "Ni yeye wa jana!" "Bwana mwenyewe ni yupi? Ah, ni huyu? Iko na jina ndefu." Nilipomaliza, mikono inanata, karani akaniita kwenye meza yake, akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa namna ya kumeza dawa:

"Kupasua ni makosa. Kupinga ni haki yako. Jana kama ungeuliza, ningekuambia."

"Jana sikuwa mutu wa kuuliza."

"Niliona."

Akanieleza. Tangazo lilikuwa limebakiza siku tisa. Nilete barua ya kupinga, yenye sahihi. Na kwa kuwa ndoa yetu haikuandikwa, nilete mashahidi waliokuwepo siku ya mila, mmoja wa upande wangu, mmoja wa upande wa bwana. Upande wangu baba mdogo yuko tayari hata leo. Lakini upande wake, nani atakuja kusema dhidi ya damu yake?

Nikamkumbuka msemaji.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, gurudumu limegeuzwa juu, ndoo ya maji ya kutafutia pancha miguuni. Lile koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Aliponiona alianza kuzungusha gurudumu ingawa halikuwa na shida.

"Muzee, jambo."

"Jambo, binti. Nilisha sikia. Kitu kenye kilikuleta nakiyua."

"Basi nirahisishie."

"Unataka niende kwa État kusema mubaya ya mutoto ya ndugu yangu?"

"Hapana, muzee. Mi nataka useme kenye ulisema siku ile, mbele ya mbuzi. Usiongeze hata neno."

"Siku ile nilisema mingi. Kulikuwa pombe."

"Kuko moja sikusahau. Ulisema: tumekuya kuomba binti yenu, mukisikia analia, musimuulize yeye, muulize siye. Haya. Mi nalia. Nimekuya kuuliza."

Gurudumu lilizunguka peke yake muda mrefu. Mzee alilitazama mpaka likasimama.

"Unataka akurudie?"

"Yule? Hata anibebe kwa mugongo mupaka Mambasa, hapana."

"Sasa unapigania nini?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo kichwani usiku kucha, lakini sasa lilitoka vibaya, kwa kelele, mpaka mwenye duka la jirani akatoa kichwa. Nilisema: alinioa! Alinioa kabisa, mchana, mukala, mukacheza. Akichoka na mimi, aniache mbele ya batu balebale, aseme kosa langu, nami niseme lake, tuachane kama batu. Asinifute. Ile siku asiifanye kama haikuwa. Na binti yangu aandikwe kwamba alizaliwa na baba na mama waliooana, kwa sababu ndivyo alivyozaliwa!

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, kidole kimoja kimoja.

"Kichwa ya ile mbuzi nilikula mimi," akasema. Kwa ukoo wao msemaji hupewa kichwa. "Macho, ulimi, masikio. Nilibakisha meno tu. Mutu mwenye alikula masikio atasema hakusikia?" Kisha akatikisa kichwa chake mwenyewe na kuanza kucheka. "Wee! Mama ya bwana yako atanitukana mupaka Pasaka."

"Mama yangu alijaribu kumtukana yeye, akakosa neno."

"Anikopeshe hayo matusi alibakisha."

Barua niliiandika siku mbili. Niliandika ya kwanza kwa Kifaransa, Kifaransa kizuri cha heshima za ofisini, chenye "j'ai l'honneur" na kila kitu, nikampelekea mzee. Akaishika chini juu, akaniambia hawezi kuweka kidole chini ya maneno asiyoyasikia. Akaniuliza ninataka kumsomea nini, kile nilichokiandika au kile nilichokitaka? Nikairarua. Yaani siku hizo nilikuwa narudia sana kurarua. Nikaandika upya kwa Kiswahili, na karani alipoulizwa akasema ni lugha ya nchi, hakuna sheria inayokikataa.

Siku ya kuipeleka mzee alivaa koti. Tulikuwa wanne kwenye benchi: mzee, baba mdogo, mimi, na mtoto aliyekuwa akihesabu vifungo vya lile koti mpaka vitatu na kuanza upya. Simu ya mzee ililia. Akaangalia jina, akaifunika kwa kofia. Ikalia tena chini ya kofia. Ya tatu akaitika, akaiweka mbali na sikio, na sote tukasikia sauti ya mama mkwe ikitoka kama redio. Alipovuta pumzi, mzee akasema, "Ndiyo, shemeji. Niko hapa nangoya. Nikitoka nitakuita," akaikata.

Ofisa wa état civil, yule anayeandikisha ndoa na vizazi, alikuwa mwanaume mpole mwenye miwani. Alisoma barua yote akinyoosha mstari kwa rula. Alisimama mahali pamoja.

"Hii ya sufuria, tuitoe. Haiko mambo ya sheria."

"Haitoki," nikasema. "Bo, bwana na mama yake, batakuya nayo. Nataka ikutwe imetangulia kufika."

Akamtazama mzee. Mzee akasema, "Iache. Kwetu hiyo ndiyo sheria."

Ofisa akaacha. Baba mdogo akatia sahihi, mzee akatia kidole cha wino, nami nikatia sahihi yangu ile ya diplôme, yenye mkia. Muhuri ukapigwa juu ya nakala mbili. Moja iko nami. Majina nimeyatoa hapa. Mengine yote yako kama yalivyopokelewa:

"Bwana ofisa wa état civil,

Mimi ninayeandika ni mke wa mwanaume aliyetangazwa kwenye ubao wenu kuwa hana mke. Napinga ndoa anayotaka kuifunga.

Tulioana kwa mila kwenye uwanja wa baba yangu, mchana, mbele ya jamaa zote mbili. Mtu aliyesema kwa niaba ya ukoo wake ameketi mbele yenu leo, na kidole chake kiko chini. Hatukuiandika ndoa hiyo kwenu. Hilo ni kosa letu sisi wawili, si langu peke yangu, na sitaki lilipwe na mtoto.

Watasema niliacha ndoa kwa sababu nilibeba sufuria. Sufuria nilitwikwa na mama mkwe wangu nilipokuwa naenda matanga, nami nilimshukuru. Sikukimbia. Nilitumwa.

Karatasi ya tangazo lenu niliipasua kwa hasira, kisha nikaibandika tena kwa mkono wangu. Kama kuna adhabu nitaipokea.

Siombi mwanaume huyu arudishwe kwangu. Naomba msimwoze mpaka ndoa yetu iandikwe, halafu aje tuachane mbele ya tribunal, mahakamani, kila mmoja aseme lake na asikilizwe. Naomba binti yetu aandikwe kwa jina la baba yake, kuwa alizaliwa ndani ya ndoa.

Kuhusu msichana aliyetangazwa naye, sina ugomvi. Sijui umri wake wala kama anajua kwamba mimi niko. Naomba aitwe hapa bila bwana huyo na bila mama yake bwana, asomewe barua hii yote, polepole, na apewe muda wa kuuliza, kabla hajaweka sahihi popote."